Serikali ikigomea ziara ya mtu aliye uhamishoni: namna ya kusoma maneno ya watu na namna ya kutia lako

Mtindo wake huwa ni ule ule. Mtu aliyekimbia kwao anaalikwa nchi nyengine, kwenda kuhutubia ama kuhudhuria filamu ama kupokea tuzo, ubalozi wa kwao unatoa tamko kwamba ziara hiyo itaharibu uhusiano wa nchi mbili, na kabla ya magharibi magrupu ya WhatsApp kuanzia Shela mpaka Mokowe yashajaa fowadi na klipu za sauti, huyu asema mwacheni aingie, huyu asema msitutilie mchanga kwenye kitumbua, mwengine anaapa huyo mgeni ni gaidi. Baada ya siku chache watu washakosana, wengine washatoka kwenye grupu, na ukiuliza ni nani hasa aliyekataza na alikataza nini hupati wa kukujibu.

Naandika hii kwa watu wa Lamu na Malindi manake naona mijadala hii tunaiingia kwa moyo wote, na ni vizuri, lakini tunaiingia mikono mitupu. Na tusiambiane kwamba haituhusu. Bandari pale Kililana imejengwa na kampuni ya serikali ya China, gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, kuna vijana wetu waliopata riziki pale na kuna wavuvi waliopoteza sehemu zao za kuvua mpaka mahakama kuu ya Malindi mwaka 2018 ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa hivyo serikali kubwa ikisema "mkimkaribisha fulani, biashara itaumia", inasema juu ya vitu ambavyo sisi twaviona tukisimama ufuoni.

Na uhamishoni pia twakujua. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alikaa jela mpaka 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali ya Kenyatta, alipotoka akaenda Dar es Salaam, kisha London, kisha Ujerumani. Sheikh Khalid Balala, mhubiri na mwanasiasa wa Mombasa, alikuwa Ujerumani serikali ya Moi ilipomnyima pasipoti mpya, hakurudi mpaka 1997. Wote hawa walikalishwa na watu wa nchi nyengine, wakasikilizwa.

Msimamo wangu niutoe mapema ili ujue unasoma maneno ya nani. Serikali yoyote ina haki ya kukasirika na kusema imekasirika. Lakini mgeni akizuiwa, anayenyang'anywa haki ni mwenyeji aliyetaka kumsikiliza, na jambo hili ndilo watu husahau wakianza kubishana kama huyo mgeni ni mzuri ama mbaya.

Anza kwa kujua nani ni nani

Kabla hujaandika hata neno moja jiulize: mgeni ni nani, amealikwa na nani, anayepinga ni nani, na amefanya nini mpaka sasa zaidi ya kusema. Mara nyingi ukishajibu haya manne hasira inapungua nusu.

Chukua mfano wa Rebiya Kadeer, manake kisa chake kina kila kitu. Huyu ni mama wa Kiuighur, Waislamu wa Xinjiang kaskazini magharibi mwa China, alikuwa mfanyabiashara tajiri kabisa kule Urumqi, mji mkuu wa Xinjiang, na serikali yenyewe ilikuwa ikimsifu, alafu akakamatwa 1999, akafungwa, na 2005 akaachiliwa akaenda Marekani. Mwaka 2006 akawa kiongozi wa World Uyghur Congress, jumuiya ya Wauighur walio nje. Julai 2009 Urumqi ikawaka moto, watu wakauana barabarani, serikali ya China ikasema waliokufa ni 197 na kwamba Kadeer ndiye aliyechochea, yeye akakana. Wiki chache baadaye akaalikwa Australia na tamasha la filamu la Melbourne, ambapo kulikuwa na filamu inayohusu maisha yake.

Sasa hapa angalia vizuri. Aliyemwalika si serikali ya Australia, ni tamasha. Ubalozi mdogo wa China kule Melbourne ukampigia simu mkurugenzi wa tamasha kumtaka aiondoe filamu, akakataa. Wakurugenzi kadhaa wa Kichina wakatoa filamu zao kwenye tamasha. Wadukuzi wakaiingilia tovuti wakabandika bendera ya China, tiketi zikawa zinashikwa na watu wasiokuwepo ili ionekane zimeisha. Serikali ya Australia ilichofanya ni kimoja, ilimpa viza. Basi mtu akikwambia "Australia ilimwita Kadeer kuichokoza China", mwambie hapana, Australia haikumzuia, na kutomzuia mgeni wa mtu mwengine si sawa na kumwalika wewe mwenyewe.

Kitu chengine cha kuangalia hapo hapo mwanzo: mgeni ni mtu wa maneno ama ni mtu wa bunduki? Kwetu tumechanganya sana hili. Januari 2024 Sudan ilimwita balozi wake nyumbani baada ya Hemedti, kamanda wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la serikali kule Sudan, kupokewa Nairobi, ikamwita tena Februari 2025 RSF walipofanya mkutano wao Nairobi, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai yetu ikiwemo. Niliona watu wakitetea ule mkutano kwa maneno ya "uhuru wa kujieleza", mimi sikubali, yule ni kamanda wa jeshi linalopigana vita mpaka leo na raia wanakufa. Mama aliyefungwa kisha akaenda kuzungumza kwenye ukumbi wa mji ni jambo jengine kabisa. Usiyatie kwenye kapu moja hata kama tamko la ubalozi limeandikwa kwa maneno yanayofanana.

Pima hasira kwa vitendo

Tamko la ubalozi karibu siku zote huwa kali. "Tumesikitishwa vikali", "kuingilia mambo ya ndani", "watabeba dhamana". Watu wakisoma hivyo wanaingiwa na kiwewe wanadhani vita viko mlangoni. Usipime kwa maneno, pima kwa kilichotendwa, na vitendo vina ngazi zake. Ngazi ya chini ni tamko tu. Juu yake ni kumwita balozi wa nchi mwenyeji aje ajieleze, China ilifanya hivyo kwa balozi wa Japan Julai 2009 Kadeer alipokwenda Tokyo. Juu yake ni kufuta ziara za wakubwa, na Australia iliyapata haya, naibu waziri wa mambo ya nje wa China hakwenda. Kisha kumrudisha balozi nyumbani kwa mashauriano, kisha kugusa biashara, na juu kabisa kukata uhusiano. Kenya yenyewe ilifika huko juu, Oktoba 1990 serikali ya Moi ilivunja uhusiano na Norway kwa ajili ya Koigi wa Wamwere, mwanasiasa mpinzani ambaye alikuwa akiishi kule uhamishoni kabla ya kukamatwa, ikachukua mpaka 1994 kurudiana. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba hii ni tabia ya Wachina peke yao. Serikali yetu ishawahi kukaa upande ule wa anayefoka.

Sasa lile la biashara, hapa ndipo watu wengi hutishwa na hapa ndipo nataka nikae kidogo, manake ni jambo la riziki na riziki haichezewi.

Ni kweli biashara huumia? Saa nyengine ndiyo, saa nyengine wala. Mongolia mwaka 2016 walimpokea Dalai Lama Novemba, kiongozi wa Tibet aliyekimbia kwao 1959, China ikasimamisha mazungumzo ya mkopo na ikaongeza ada kwa malori yanayopita mpakani, na Mongolia uchumi wake karibu wote unapita kwenye mpaka ule, basi Desemba hiyo hiyo waziri wao wa mambo ya nje akasema mzee huyo hatakaribishwa tena katika kipindi cha serikali ile. Hao waliumia kweli, na si haki kuwacheka. Lakini Australia 2009, huku maneno makali yakiendelea na Kadeer ameshahutubia Canberra, siku chache baadaye kampuni ya PetroChina ikasaini mkataba wa gesi ya Australia wa dola bilioni 50 za kwao, wa miaka 20. Hasira huku, gesi huku. Kuna wachumi wa Ujerumani waliopekua takwimu za biashara wakaona kwamba enzi za rais Hu Jintao wa China, nchi ambayo kiongozi wake alikutana na Dalai Lama mauzo yake kwa China yalishuka, lakini baada ya kama miaka miwili yakarudi. Na ilikuwa ni pale kiongozi mkuu wa nchi alipokutana naye, si kila mtu aliyemwalika kwenye ukumbi.

Kwa hivyo mtu akisema kwenye grupu "bandari itafungwa", muulize kwa utulivu: nani amesema? Ni ngazi gani? Nchi gani ilifanyiwa hivyo na kwa kosa gani? Asipoweza kujibu basi anaogopa tu, na kuogopa si dhambi, lakini si habari pia.

Kusoma watu wanavyosema

Maoni hata yakiwa elfu moja ukikaa ukayasoma pole pole utakuta ni sauti chache tu zinazojirudia, na kila sauti ina mtu nyuma yake mwenye kitu cha kupoteza. Tafuta kitu hicho kwanza.

Kuna wale wa "tusigombane na aliyetushika mkono". Hawa msiwaite wasaliti. Mwenye lori, mwenye duka la vipuri, kijana aliye na kibarua bandarini, hofu yao ni ya unga na karo. Afrika Kusini mwaka 2009 serikali ilimnyima Dalai Lama viza ya kuhudhuria mkutano wa amani uliofungamana na kombe la dunia, ikasema haitaki dunia isahau mpira ianze kuzungumza Tibet, na kuna raia wengi tu waliokubaliana nayo. Wengine walikasirika, askofu Desmond Tutu na rais wa zamani F.W. de Klerk wakajitoa kwenye mkutano, mkutano wenyewe ukaahirishwa, na hata waziri wa afya wa serikali ile ile, Barbara Hogan, akasema hadharani kwamba ni makosa. Nataja hili ili mjue nchi moja huwa haina maoni mamoja. Hata baraza la mawaziri halina.

Kuna wale wa "mgeni ni wetu, hatupangiwi". Hii sauti naipenda lakini ina mtego wake, manake wengi wao hawamjui mgeni wala habari zake, wamechukia tu kuambiwa. Melbourne ilikuwa hivyo, watu ambao hawajawahi kusikia jina Uighur walinunua tiketi kwa sababu wameambiwa wasinunue, filamu ikabidi ihamishiwe kwenye ukumbi mkubwa wa mji na ukajaa. Botswana 2017 serikali ya rais Ian Khama ilikubali ziara ya Dalai Lama, mwishowe mzee mwenyewe hakwenda kwa sababu ya uchovu, lakini hata hivyo Khama akaiambia China kwamba Botswana si koloni lake. Ukisoma sauti hii jiulize kama msemaji atakuwa upande huo huo siku mgeni atakapokuwa wa kundi asilolipenda. Huyo ndiye utakayemjua ni mkweli.

Kuna wale wa "mbona hamsemi ya Palestina, mbona hamsemi ya fulani". Kwetu hapa hii hutoka haraka sana, na si hoja ya kutupwa, kwa sababu kuna ukweli ndani yake, dunia haina mizani moja. Lakini dhuluma ya huku haifuti ya kule. Na kwa sisi Waislamu kuna swali jengine linakaa hapo hapo: nchi nyingi za Kiislamu zimenyamaza kwa Wauighur, na baadhi zimesaini barua za kuisifu China mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu anayeuliza "mbona hamsemi" aulize na hilo.

Kuna watu wa nchi ile ile anayotoka mgeni, walio nje. Hawa wasomwe kwa makini kuliko wote na ndio ambao hatuwasomi. Wachina wa Melbourne kuna waliokasirika kwa dhati ya moyo, pengine wengine walikuwa na jamaa zao kule, si lazima wawe wametumwa na mtu. Na Wauighur wa nje wengi walinyamaza kabisa, na kimya chao si kwamba hawana la kusema, ni kwamba wana mama na ndugu kule nyumbani. Watoto wawili wa kiume wa Kadeer walihukumiwa jela baada ya yeye kuondoka, mmoja miaka saba na mwengine tisa. Kisha 2009 vyombo vya habari vya serikali ya China vikachapisha barua zilizosemekana ni za watoto wake wakimlaumu mama yao kwa ghasia zile. Ukiona barua ya namna hiyo usiseme ni ya kweli wala usiseme ni ya uongo, sema tu aliyeandika yuko wapi na nani amemshika. Inatosha.

Na mwisho wako wale ambao si watu. Akaunti iliyofunguliwa juzi, haina picha, imeandika maneno yale yale mara arobaini kwa lugha tatu. Zile tiketi za uongo za Melbourne ndizo ndugu za komenti za uongo za leo. Kwa hivyo usihesabu komenti ukasema "wananchi wengi wanataka hivi". Hiyo si kura.

Kuhakikisha kabla ya kufowadi

Hapa nitapita haraka manake mengi mnayajua. Tamko la ubalozi litafute kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe ama wizara ya mambo ya nje, usichukue skrinshoti. Angalia tarehe, habari za Dalai Lama na Afrika Kusini huzunguka kila mwaka kana kwamba zimetokea jana. Picha ya maandamano ipitishe kwenye Google Lens uone ilipigwa lini na wapi. Idadi ya waliokufa iandike pamoja na jina la aliyeihesabu: "serikali ya China ilisema 197, jumuiya za Wauighur zilisema ni zaidi". Usiweke namba peke yake. Na neno "gaidi" usilirudie kwa sababu tu serikali fulani imelitumia, Dolkun Isa wa World Uyghur Congress alitafutwa na China kwa ilani ya Interpol, polisi wa kimataifa, kwa miaka mingi, India ikampa viza 2016 kisha ikaifuta kwa ajili hiyo, na 2018 Interpol wenyewe wakaiondoa ile ilani.

Kuandika lako

Sasa umeshasoma, unataka kusema. Vizuri. Andika kama mtu wa hapa, na kwa jina lako ukiweza.

Usianze na mgeni, anza na haki ya mwenyeji. Hapa narudi kwenye lile nililosema mwanzo na mfano wake mzuri uko Afrika Kusini. Mwaka 2011 Tutu alimwalika Dalai Lama kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 80, Oktoba. Serikali haikusema ndiyo wala haikusema la, ikakaa na maombi ya viza mpaka siku ikafika, mgeni akahutubia kwa video. Tutu akakasirika akasema serikali hii ni mbaya kuliko ya ubaguzi wa rangi, manake ile angalau ungetarajia. Waliokwenda mahakamani hawakuwa Watibeti, walikuwa Waafrika Kusini, Mangosuthu Buthelezi na Mosiuoa Lekota, wanasiasa wa upinzani, na Novemba 2012 mahakama ya rufaa ikasema waziri alichelewesha bila sababu ya maana na kwamba ni kinyume cha sheria. Wao walidai haki yao wenyewe ya kukaa na mgeni wao.

Ukiandika hivyo hata asiyempenda mgeni atakusikiliza. Mfano wa komenti ambayo mimi ningeiweka:

"Mimi simjui sana huyu mama na sikubaliani na kila anachosema. Lakini ameingia kwa viza halali, hana silaha, amealikwa na watu wa mji wenyewe. Ubalozi umesema umekasirika, tumesikia. Sasa naomba serikali iseme wazi: imezuia, haikuzuia, na kwa sheria gani?"

Fupi, haitukani mtu, na ina swali ambalo lazima mtu alijibu. Linganisha na "Wachina warudi kwao!!!", ambayo haimgusi balozi hata kidogo, inamgusa yule fundi anayenunua samaki pale sokoni asubuhi na hakuandika tamko lolote. Hili naliomba sana, wallahi. Serikali ni kitu chengine na watu wake ni kitu chengine. Sisi tushaonyesha kwamba twaweza, mradi wa makaa ya mawe, ambao nao ulikuwa na mkono wa makampuni ya China, ulipopingwa hapa mpaka mahakama ya mazingira ikafuta leseni Juni 2019, hoja zilikuwa ni za wananchi kutoshirikishwa ipasavyo, na hoja hizo ndizo zilizoshinda. Kifungu cha 33 cha katiba kinakupa uhuru wa kusema lakini kinatoa nje matusi ya chuki na uchochezi wa vurugu, kwa hivyo hata kisheria yule wa "warudi kwao" amejiweka pabaya.

Kama unataka kuongeza uzito kuna maandiko mawili ya kukumbuka. Mkataba wa Vienna wa 1961 kifungu cha 41 unawataka mabalozi wasiingilie mambo ya ndani ya nchi waliyomo, kwa hivyo ubalozi kupigia simu wizara ni kazi yake, ubalozi kumpigia mwenye ukumbi kumtisha hapo pana swali. Na mkataba wa 1969 wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, juu ya wakimbizi unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, nchi nyengine mwanachama isilichukulie kama uadui. Lakini uwe mkweli usome na kifungu kinachofuata, hicho kinamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi za umoja huo. Ukitaja kimoja ukaficha chengine atakuja mtu akutoe mbele za watu.

Barazani ni tofauti kidogo na kwenye simu. Pale Mkunguni ukikaa na wazee usianze na vifungu. Mzee akisema "hayo ya wakubwa, mwanangu, tuwachie wenyewe", usimkatize, mwambie "sawa ami, lakini hebu niambie, Balala alipokuwa nje mlitaka asikilizwe ama asisikilizwe?" kisha nyamaza umpe nafasi. Wengi wao wanakumbuka kuliko sisi. Na admin wa grupu, wewe kazi yako usifute mjadala ukianza kuwaka, futa matusi na picha za maiti, mengine yaache, na ukiona watu wawili wamebaki wanatupiana maneno waambie wakamalizane inboksi.

Mambo ya kutoweka hadharani

Hapa hakuna mchezo. Mgeni wa namna hii akija Kenya usiweke picha yake akiwa hotelini, usitaje ndege aliyopanda, usionyeshe nyumba aliyofikia wala sura za waliomkaribisha, hata kama nia yako ni kumfurahia. Nairobi ina historia ambayo lazima tuiseme. Abdullah Öcalan, kiongozi wa Wakurdi wa Uturuki, alichukuliwa kutoka Nairobi Februari 1999. Dong Samuel Luak na Aggrey Idri wa Sudan Kusini walipotea Nairobi Januari 2017. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi Novemba 2024 akaibukia mahakama ya jeshi Kampala, na mwezi uliotangulia Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi walirudishwa Uturuki. Kila mmoja wao huenda kuna mtu aliyejua yuko wapi akapeleka habari. Usiwe wewe, hata kwa bahati mbaya. Subiri aondoke, kisha weka picha zako.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi ama mfanyabiashara unayemjua anatoka nchi ile, usimtag, usimwambie "wewe wasemaje". Pengine ana mama yake kule. Akitaka kusema atasema.

Ziara ikishapita

Watu hufika hapa wakachoka, jambo lenyewe ndio kwanza linaanza. Kama mgeni aliingia, fuatilia vitisho vya biashara vilitimia ama la, andika tarehe ya tamko kisha rudi miezi sita baadaye uangalie, ukiweka mwenyewe rekodi hii utakuwa na jibu mara ijayo bandari ikitajwa. Kama alizuiwa ama viza "ilichelewa", raia wa Kenya ana haki ya habari, kifungu cha 35, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya serikali siku 21 kukujibu. Andika barua fupi kwa wizara: maombi yalipokelewa tarehe gani, uamuzi ulitolewa tarehe gani, na sababu ni ipi. Usiulize zaidi ya hayo matatu, ukijaza maswali kumi watajibu lile rahisi. Hifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita bila jibu peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya ombudsman, ndiyo yenye kazi hiyo. Na kama jambo ni kubwa kuliko mgeni mmoja, kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi bungeni, mtu mmoja tu anatosha kulisaini, lakini mkiwa wengi kutoka Lamu, Malindi na kwengine mbunge atalisoma haraka zaidi.